Maharagi ya Kilio cha Mutu Muzima

Siku ya ine, tarehe 13 ya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi Beni ilikuwa na jua la kuchoma. Tulipofika kwetu Butembo tukakuta ukungu, na ile mvua ndogo isiyonyesha wala kukoma. Nguo nilizoanika mbele ya kuondoka zilikuwa zingali kwenye kamba, mbichi, kama nyumba haina mwanamuke. Nikaona haya juu ya nguo. Juma hili nimeona haya juu ya kila kitu, basi nguo nazo ziingie.

Sikusoma sana. Nilikomea mwaka wa tatu wa sekondari, na sababu ya kukomea haina mutu wa kulaumiwa, baba alijaribu. Ninaandika haya wakati maharagi yanachemka, na nitajaribu kumupa kila mutu haki yake, hata pale ambapo ingekuwa rahisi kwangu kusema ni yeye.

Kazi yangu ni kwenye bureau ya photocopie karibu na soko. Watu wanafikiri tunaishi kwa vyeti vya shule na karatasi za mashamba. Vinakuja, ni kweli. Lakini kazi yenye kutulisha ni ya kilio. Jamaa wanaingia, mama mumoja amejifunga kitenge kiunoni, wanatoa telefone na kusema:

“Mututafutie foto moya mwenye anaonekana muzuri.”

Mara nyingi foto ile muzuri ni ya harusi ya mutu mwingine. Mimi ninakata kichwa, ninaondoa mukono wa jirani kwenye bega, ninaondoa chupa. Ninatoa rangi yote ibaki nyeusi na nyeupe, kwa sababu nguo ya furaha ndani ya kilio inaumiza macho. Ninaweka uso ndani ya duara la yai, ninazungusha majani madogo yenye kukaa tayari ndani ya mashini, na chini jina, na chini ya jina pahali alipotoka. Karatasi za kubandika, fulana za polo za kuvaa siku ya kuzika, yote vile. Miaka hii kazi haikukosa. Mukono wangu umeizoea hata nikisinzia.

Mwaka huu patron wangu, na ninamushukuru, alinituma kwenye formation, mafunzo ya kutengeneza magazeti na mabango kwa ordinateur, ile kompyuta, mchana, kwenye salle ya vijana. Wenzangu wote ni watoto wenye diplome ya Serikali. Mimi waliniita “yaya”, dada mukubwa, na siku zingine “mama”, na sikujua lipi lilikuwa baya zaidi. Mwalimu wetu ni kijana wa Kisangani, mupole, mwenye kupenda neno “sobre”, yaani kisicho na madoido. Kazi ya mwisho ilikuwa kila mutu apange na atengeneze gazeti lake, tangu ukurasa wa juu mpaka wa nyuma. Tulivuta vikaratasi ndani ya kofia. Mumoja akapata kilimo, mwingine mupira, mwingine afya. Mimi nikafungua changu: muziki.

“Yaya atatia nyimbo za komunyo,” wakasema, na wakacheka. Hawakukosea. Nyimbo ninazozijua ni za kanisa, na zingine zile askari wanapitisha na redio zao, ambazo sijui maana yake na pengine ni heri.

Nikaanza kupanga. Mwalimu alituonyesha namna ya kuchora kurasa zote ndogondogo juu ya karatasi moja, mbili mbili, kusudi uone gazeti lote mbele ya kulifanya. Karatasi hiyo wanaiita chemin de fer, njia ya reli. Mimi sijaona reli maisha yangu. Lakini niliipenda. Nilitia ukurasa wa muzee mwenye kutengeneza gitaa na kamba za freni za kinga, yaani baiskeli. Nilitia ukurasa wa chorale mbili zenye kugombania saa ya mazoezi ndani ya kanisa moja, na nikaipa kila chorale mistari sawasawa, mwalimu akacheka akasema hii ni gazeti, si tribunal. Nilitia ukurasa wa maneno ya Lingala yenye kuja na nyimbo. Nafasi nyeupe zilinitesa. Yeye alisema nyeupe ni pumzi. Kwangu mimi karatasi tupu ni karatasi inayoharibika.

Kwa ukurasa wa juu nilikuwa na mutu mumoja tu: musichana mumoja mwimbaji wa Beni. Zamani aliishi na shangazi yake kwenye avenue yetu, na tangu hapo ananiita yaya. Anaimba na gitaa lake kwenye harusi za Beni, za Oicha, za Mbau, na anaimba vizuri kweli. Hilo si urafiki wangu unasema. Nilipomupigia telefone kumuomba, hakuuliza gazeti litasema nini.

“Yaya, unitie mbele,” aliniambia. “Bamama ba harusi habasome, banaangaliaka tu. Bakiniona juu ya gazeti, bataniita na Butembo.”

Na Butembo ilikuwa imekwisha kumuita mara ya kwanza. Jamaa moja kubwa ya wachuuzi, wenye kusali pamoja na mama mukwe wangu, ilimutaka kwa harusi ya posho, jumamosi hii inayokuja. Ikienda vizuri, zingine zitafuata. Isipoenda, atabaki mwimbaji wa njia ya Mbau, na kila mutu anajua wenye kuuawa juu ya njia ile. Mama yake humungojea kila mara na rozari mukononi.

Akanituma foto: gauni la njano, kinywa kimefungwa, macho yanaangalia kando. Mwalimu alituonyesha magazeti ya inje, sura nyeusi na nyeupe, akaniambia, “Ondoa kelele. Uache sura iseme.” Nikaondoa njano. Niseme haki yake hapa: hakusema nitie duara la yai. Hakusema nitie majani. Hivyo viwili vilitoka ndani ya mukono wangu, na nilipoviona nikasema ndani ya moyo, ndiyo, sasa imekaa.

Jina la gazeti lilinishinda. Mama mukwe alinipa moja, mutoto wangu mukubwa lingine, na lile langu mwenyewe watoto wa formation walilicheka. Nikaacha juu patupu, nitachagua baadaye. Chini nikaandika jina la mwimbaji, na chini ya jina: Beni.

Posho iliyopita, kazi ikiwa imekwisha, niliangalia ile kazi yangu kwenye ordinateur nikafurahi. Nina haya ya ile furaha. Niliipiga foto na telefone, nikaiweka kwenye statut yangu ya WhatsApp. Nilitaka kuandika maneno ya Kifaransa, nikaogopa kukosea mbele ya wale wenye diplome. Nikaacha bila neno. Kisha courant, umeme, ikaenda, telefone nayo ikazimika bila chaji, na nikarudi nyumbani nikitembea polepole kama mutu mwenye kuwa na habari njema.

Hapa kwetu, ukiona sura ya mutu kwenye statut bila neno, unauliza. Labda ni sikukuu ya kuzaliwa. Lakini ukiiona kwangu, mimi niliyetengeneza karatasi za kilio za nusu ya watu unaowajua, nyeusi na nyeupe, ndani ya yai, na majani, hauulize.

Mwimbaji siku hiyo alikuwa Mutwanga anaimba harusi, na kule juu réseau ya telefone inakuja na kwenda kama mbuzi. Wakamupigia, hakupatikana. Kukosa kupatikana kukamaliza kila kitu.

Siku ya yenga, tulipotoka misa, nilichaji telefone kwa jirani mwenye plaque ya jua. Ilipofunguka ikaanza kulia bila kukoma. “Yaya, courage.” “Mungu amupokee.” “Alikuwa mu njia gani?” “Tunaenda pale kwa mama yake sasa hivi.” Nikaona jina la mwimbaji wangu. Nililia, nilianguka kwenye udongo wa jirani na nikalia kweli, nikiona lile gauni la njano, nikijiuliza ni nani nitamuweka juu ya gazeti sasa, na hilo wazo nalo nilionea haya wakati uleule.

Mama mukwe alikuja mbio, kitambaa cha kichwa mukononi, kitenge amekwisha kukikaza kiunoni.

“Nani alikuambia?”

“Bote, mama.”

“Bote si mutu. Wa kwanza ni nani?”

Nikapandisha kidole, nikapandisha, mpaka ujumbe wa kwanza kabisa. Ulikuwa wa mama mumoja wa chorale ya Beni. Uliandikwa: “Nimeona foto kwako. Pole sana. Ilitokea wapi?”

Mama mukwe hajui kusoma sana lakini uso wangu aliusoma.

“Donc basi, ni weye.”

“Ni miye.”

“Unalia kilio ulipika weye mwenyewe.”

“Ndiyo, mama.”

“Basi nyamaza, ao ulie kilio ingine.”

Nikapiga telefone ya mwimbaji, Beni. Iliita muda murefu. Kisha sauti yake.

“Allô. Ni nani?”

“Ni mimi, yaya yako.”

“Ah. Ni mimi, yaya. Ule mwenye alikufa.”

Yeye ndiye alinihadisia, na sauti yake ilikuwa katikati ya kucheka na kitu kingine.

“Nimetoka Mutwanga asubuhi na moto, pikipiki. Tunafika pa kona ya kwetu, ninaona moshi, ninaona babanc ya kukalia mu lupango yetu, ninaona bamama bamekaa chini. Nikasema, mama amekufa. Nikashuka, ata motard alikuwa bado kusimama. Ninalia, ninakimbia kuingia. Bale bamama bananiona, banakimbia kutoka. Mama anatoka mu nyumba, banamushika huku na huku. Ananiuliza: unalilia nani? Nikamuambia: weye. Akaniambia: na miye weye.”

Mama yake ana tension, presha ya damu. Alipoletewa habari ile jana yake, alianguka mulangoni, wakamulaza kwenye mukeka na kumumwagia maji. Sasa alikuwa anaketi, lakini hakutaka kusema na mimi. Ilikuwa haki yake.

“Na watu wa harusi ya kwenu huko Butembo balishapiga telefone,” mwimbaji akaongeza polepole. “Shangazi ya bibi-arusi. Hakukataa. Alisema tu: mutu mwenye balishamulilia, ataimbia bibi-arusi namna gani? Alisema, acha tuone.”

Nilijua maana ya “acha tuone”. Ni namna yetu ya kusema hapana na kubaki wakristo.

Siku ya kwanza ya juma nikaenda formation, kwa sababu kutoenda kungekuwa kujificha. Wenzangu walikuwa wanajua.

“Yaya, mimi usinipige foto. Ningali na fiancé.”

“Na mimi ukinipiga, unitie rangi.”

Nilicheka nao kidogo, nikisikia masikio yanawaka. Si watoto wabaya. Wakati wa kutoka mumoja wao alinibebea mufuko. Mwalimu aliangalia ukurasa wangu tena, murefu, kama anauona mara ya kwanza. “Mais c'est une belle couverture,” alisema, lakini ni ukurasa wa juu muzuri, kisha akashika kichwa. Kwao, alisema, wafu wanawekwa na rangi zao zote. Aliniomba samahani mara nyingi kupita kiasi, na kila mara ilikuwa inanirudishia kosa langu mukononi. Yai lilikuwa langu.

Jana mama mukwe ndiye alisema twende Beni kwa mama ya mwimbaji, kuomba samahani. Mume wangu alikuwa njiani na gari la mbao, na hata kama angekuwepo, alisema, hii si kazi ya wanaume, wao wangepeleka maneno tu. Alichagua kuku jike mweupe katika wale wake mwenyewe. Nilitaka kununua, akakataa. Hilo nalo likanilemea. Ndani ya taxi kuku alikaa magotini pangu, na mwanaume mumoja karibu yetu akauliza kama tunapeleka mahari.

“Tunapeleka mukamwana,” mama mukwe akajibu. “Aliua mutu.”

Gari lote likacheka, hata dreva. Mimi niliangalia inje, miti na majani ya chai, na nikajua kwamba yeye anafanya mambo yawe mepesi ili nisishuke njiani na kurudi.

Lupango la mama ya mwimbaji, kiwanja cha nyumba yake, ni ndogo, lina mupapai na jiko la inje. Mabanc yalikuwa yamerudishwa kwa kanisa. Lakini kuni zilikuwa zingali zimepangwa ukutani, kuni nyingi, za kupikia watu wengi, na kando yake mifuko ya maharagi na unga, yote vile watu wa kilio walivyoileta. Mama yule aliketi mulangoni, mwembamba, rozari shingoni. Mama mukwe akamuamkia kwa Kinande, “Wasibire,” na yeye akaitika. Mimi akaniangalia tu.

“Ndo weye mwenye kuniulia mutoto?”

“Ndo miye, mama.”

“Onyesha.”

Sikuelewa. Akanyoosha mukono juu ya telefone. Ile foto sikuwa nimeifuta; niliogopa kuifuta kungekuwa kama kusema sikufanya. Akaishika mbali na macho, kisha karibu. Alikaa nayo. Nilisikia kuku anapumua chini ya mukono wangu.

“Ni muzuri,” akasema. “Ulimutengeneza muzuri. Ndo maana tuliamini. Kama ungemutengeneza mubaya, tungeuliza.”

Katika maneno yote ya juma hili, hayo ndiyo yenye kunirudia hata sasa. Hakuyasema kwa kunipiga. Aliyasema kama mutu anayepima kitambaa.

Mwimbaji akatoka jikoni anafuta mikono, nikashangaa kumuona mukubwa hivi, na rangi yote, na jasho. Nilishika mikono yake miwili, kwa sababu maneno yote niliyoyapanga kwenye taxi yalikuwa mabaya.

“Yaya, wacha,” akasema. “Mimi nimejua mambo mengi. Nimejua wenye balilia, na wenye balikuya kula. Mu chorale, pahali pangu palishapata mutu mbele ya kaburi kuchimbwa.”

“Si vile,” mama yake akasema. “Ule alikuwa anashikilia tu.”

“Alishikilia na solo yangu, mama.”

Kuku wetu akapokelewa. Mama yake alimufunga mwenyewe kwenye muguu wa meza. “Huyu haichinjwe,” akasema. “Hapa hakuna mutu alikufa. Hakuna damu.” Nikafikiri basi imekwisha, nikaanza kushukuru. Mama mukwe akanigusa ninyamaze.

Kwa maana maharagi yalibaki. Wamama wale wawili waliketi na kuongea juu ya maharagi muda mwingi kuliko walivyoongea juu yangu. Chakula cha kilio hakirudi kwenye mulango kilipotokea. Aliyekileta hawezi kukiingiza tena kwake. Wao wenyewe mama na mutoto wakikila, wamekubali kile kilio, na kilio kitakaa juu ya binti yule kila aendako, na watu wa harusi watakuwa na haki ya kumuogopa. Kukitupa? Ni maharagi, watu waliyalima, wengine huko Eringeti ambako kulima kunataka moyo, juu ya wauaji wa mashambani.

“Mwenye aliita kilio, amalize kilio,” mama yake akasema mwishowe. “Utayabeba. Utapika kwako, na hizi kuni, na watu ba kwako bakule mupaka iishe. Huyu mutoto akuwe hapo, aone. Yeye asiguse.”

Kisha akamugeukia mama mukwe, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba, yeye ambaye nilimulaza chini mulangoni kwake.

“Na weye, mama, bale batu ba harusi banakujua. Ukishakula, uende ubaambie: kilio kiliisha, nimekula miye mwenyewe na kinywa yangu.”

Mama mukwe wangu ni mutu mwenye kuchagua nyumba za kula. Kwenye vilio anakunywa chai tu, na watu wanalijua hilo. Nilitaka kusema hapana, mimi nitaenda, mimi nitasema. Lakini neno langu sasa lina uzito gani kwao, mimi ninayesema kwa picha kwamba watu wamekufa?

“Nitasema,” mama mukwe akajibu.

Tulilala Beni. Mama yake aliyaloweka maharagi yeye mwenyewe, akayafunga asubuhi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kuni zilifungwa juu ya gari pamoja na gitaa, unga chini ya miguu yetu, na mwimbaji katikati yangu na mama mukwe. Dreva alikuwa yuleyule wa kwenda.

“Mulipeleka kuku, munarudi na mutu?”

“Ni ule mwenye aliuawa,” mwimbaji akamujibu. “Banarudisha.”

Njiani aliniuliza juu ya gazeti. Nilikuwa nimekata shauri kumutoa, kuweka muzee wa magitaa mbele, na nilimuambia hivyo. Tulipopita daraja akanigeukia.

“Ukinitoa, basi nimekufa kweli,” akasema. “Unitie. Mais unifungue kinywa. Mufu hafunguake kinywa. Na unirudishie njano yangu.”

Ndiyo maana sasa hivi, ninapoandika, telefone yangu ina foto mpya. Niliipiga jikoni kwetu, yeye ameketi kwenye kigoda mbele ya chungu, gitaa magotini, moshi unapita kando, anaimba kwa watoto wangu wimbo wa kuchekesha juu ya mbuzi mwenye kukataa mvua. Kinywa kimefunguka mpaka jino lile lenye nafasi linaonekana. Kitenge chake ni cha njano. Si sobre. Mwalimu atasema kelele ni nyingi, na yeye anajua kazi kuliko mimi, lakini sitaiondoa. Sitatia yai. Itajaa ukurasa mpaka kingo zote, na nimegundua kwamba sijui kufanya hivyo vizuri, mukono unataka kukata kichwa na kukifungia ndani. Nitajifunza. Labda.

Mama mukwe aliiangalia begani kwangu.

“Na hapa juu?”

“Jina bado, mama.”

“Andika kitu hapo. Pahali patupu, batu banapajaza.”

Nitaandika GAZETI YA MUZIKI, basi. Hakuna mutu atalia juu ya hiyo.

Ninamalizia haya usiku. Maharagi yaliiva mbele ya giza kuingia. Tuliketi wote, na nilipakua nikiwa na haya ya kila mukono wenye kupokea sahani, kwa sababu watoto wangu walifurahia wingi wake, hawakujua ni ya nini. Mwimbaji aliketi kando, anaangalia, sawasawa na alivyoagizwa, na alikuwa anajaribu kutocheka. Hakuna mutu aliyeanza. Ndipo mama mukwe akamega, akachovya, akala. Alikula sahani nzima bila kuinua macho, akanawa, akachukua mwavuli na kuondoka kwa jamaa ile ya harusi, ambayo nyumba yake ni juu ya kilima cha pili. Sisi tukaendelea, kwa sababu ilipaswa kwisha. Nilikula mpaka tumbo likaniuma, na sikuacha.

Mama mukwe akarudi, viatu vina matope. Akafunga mwavuli kwanza.

“Shangazi ya bibi-arusi aliniuliza kitu kimoya,” akasema. “Aliniuliza kama maharagi yaliiva. Nikamuambia yaliiva, mais yalikosa chumvi.” Akamuangalia mwimbaji. “Akasema siku ya posho uende mapema, na usivae nyeupe na nyeusi.”

Mwimbaji akafunika uso na mikono yake miwili, mabega yakitetemeka, na hakuna aliyemugusa mpaka alipomaliza. Mimi niliinuka kumupikia mayai, ili nisibaki pale kumutazama.

Hivyo leo tulikula maharagi ya Beni yenye kukosa chumvi, na bugali ya ule unga wa muhogo, na lengalenga kidogo, mboga za nyuma ya nyumba. Mwimbaji, mwenye kutoruhusiwa kugusa, alikula mayai mawili ya kukaanga na ndizi. Watoto walifuta chungu kwa vidole mpaka kikawa cheupe.